Kabla Linux Haijaamka, Nani Anagawa Stima?

Wasee, leo sina habari ya simu mpya wala AI. Nataka tuongee juu ya sekunde moja tu: ile iliyo kati ya wewe kubonyeza kitufe cha pawa na skrini kuonyesha kitu. Wengi hudhani hapo hakuna kinachofanyika, ni kungoja tu. Mimi nasema hapo ndipo inaamuliwa kama mashine uliyonunua ni yako kweli, ama umeazimwa na aliyeitengeneza. Na hii stori iko na miaka zaidi ya 20, iko na majina na tarehe. Twende nayo polepole.

Tuanze na mtu unayemjua, fundi wa simu. Nenda Luthuli Avenue na simu iliyozima ghafla, na kuna uwezekano mkubwa utaambiwa, "Hii ni IC ya pawa." Hiyo IC ndiyo wahandisi wanaita PMIC, chipu inayosimamia umeme. Betri ama chaja inaleta umeme wa aina moja, lakini ndani ya bodi kila mtu anataka wake. Prosesa inataka volti 1 na kitu, memori inataka 1.5 ama chini ya hapo, kadi ya kuhifadhi faili inataka 3.3. PMIC ni kama mama wa kibanda wakati wa lunch: sufuria ni moja, lakini anajua nani anataka nusu, nani anataka sahani kubwa, na nani anafaa kuhudumiwa kwanza.

Hapo kwa nani kwanza ndipo kuna kazi. Prosesa ikitaka kwenda mbio zaidi, lazima volti ipande kwanza, halafu ndio mwendo uongezwe. Ukigeuza, uongeze mwendo kabla ya volti, hesabu zinaanza kutoka vibaya na mashine inaganda. Wakati wa kupunguza ni kinyume: mwendo kwanza, volti baadaye. Na volti si kitu cha kumwaga hovyo, kwa sababu umeme unaoliwa na prosesa unapanda kwa kipeo cha pili cha volti. Toa volti 1.1 upeleke 1.325, mwendo ukiwa ule ule, na matumizi yanapanda kwa karibu asilimia 45. Hiyo yote inakuwa joto.

Sasa swali: nani anampa PMIC hayo maagizo? Linux bado imelala kwenye kadi. Android haijulikani iko wapi. Anayeongea na PMIC wakati huo ni programu ndogo ya kuwashia bodi, wenyewe wanaiita butiloda. Ndani yake kuna kipande kinachojua lugha ya ile chipu ya pawa, yaani draiva. Historia ya hicho kipande ndiyo nimekuja nayo leo.

Butiloda maarufu zaidi kwa bodi ndogo inaitwa U-Boot. Mwanzo wake ni programu iliyoitwa 8xxROM, iliyoandikwa na Magnus Damm kwa prosesa za PowerPC. Mwaka 1999 Mjerumani mmoja, Wolfgang Denk, aliihamishia SourceForge. Huko hawakukubali jina la mradi linaloanza na tarakimu, kwa hivyo akaiita PPCBoot. Toleo la kwanza la umma, 0.4.1, lilitoka tarehe 19 Julai 2000. Baadaye watu wakaanza kuitumia kwa prosesa zingine, za ARM hasa, na Novemba 2002 jina likabadilika kuwa U-Boot. Denk alifariki 2022, lakini kazi yake inaendelea kuwasha ruta, vifaa vya viwandani na bodi za wanafunzi dunia nzima. Na iko chini ya leseni ya GPL. Shika hilo, tutalirudia.

Siku hizo za mwanzo suala la pawa halikuwa gumu hivyo. Ukikuta bodi ya regulata zisizobadilika, unachomeka, volti zinatoka vile zilivyochorwa, butiloda haina la kusema. Kilichobadilisha mchezo ni simu. Betri ndogo, prosesa kubwa, na kila milivolti ikawa na maana. Chipu zilizotengenezewa simu zikashuka hadi kwa bodi za kawaida, na zikaja na PMIC zao.

Chukua mfano ambao yeyote anaweza kuusoma hadi leo, BeagleBone. Ya kwanza, nyeupe, ilitoka 2011. Ya pili, BeagleBone Black, ilitoka 2013 kwa dola 45. Zote mbili zinatumia prosesa ya Texas Instruments ya familia ya AM335x na PMIC inayoitwa TPS65217. Zikiwaka, PMIC inaipa prosesa volti 1.1, ambazo zinatosha mwendo wa wastani. Ukitaka megahezi 1000 kwenye ile nyeusi, lazima butiloda iombe volti 1.325.

Inaombaje? PMIC ina rejista, visanduku vidogo vya namba, na butiloda inaandika ndani yake kupitia nyaya mbili za I2C. Rejista ya volti ya prosesa inaanzia milivolti 900, na hatua za mwanzo ni za 25 kila moja. Ukiandika 17, unapata 900 jumlisha 17 mara 25, ambayo ni 1325. Si uchawi, ni hesabu ya darasa la nne.

Lakini waliochora hiyo chipu walijua namba moja mbaya inaweza kuchoma prosesa. Kwa hivyo wakaweka nenosiri. Kabla ya kugusa rejista ya volti, unaandika kwanza namba fulani iliyochanganywa na anwani ya rejista yenyewe. Kwa rejista za hatari zaidi unafanya hivyo mara mbili mfululizo: nenosiri, namba, nenosiri, namba. Ukishamaliza bado volti haijasonga. Unawasha biti moja kwenye rejista nyingine, kama kusema "haya, nenda", ndio inaanza kupanda. Ni kama kutuma pesa kwa simu: namba, kiasi, PIN, halafu unaulizwa kama una uhakika.

Na kuna kipande kinachonifurahisha sana kwa bodi nyeupe. Kabla butiloda haijaongeza mwendo, inauliza PMIC: umeme unatoka wapi? Ikijibiwa kwamba chaja ya ukutani haipo, kwamba bodi inakula kutoka USB ya laptop tu, inaandika ujumbe kwamba haitabadilisha mwendo, na inaendelea polepole. Sababu ni kwamba USB ya kawaida inaahidi miliampea 500 tu. Hebu fikiria, mistari michache ya msimbo iliyo na adabu ya kuuliza kuna nini jikoni kabla ya kuitisha chakula. Sisi tuliokulia nyumba za stima ya kupotea-potea tunaielewa hiyo bila kufafanuliwa.

Hadi hapo kila kitu kinasikika poa. Shida ni kwamba maarifa haya yote yalikuwa yameandikwa ndani ya faili la bodi moja. Bodi nyingine, hata yenye chipu zile zile, ilikuwa na faili lake. Mtengenezaji mpya anakopi faili la jirani, anabadilisha namba mbili tatu, anauza. Mwingine anakopi hiyo kopi. Baada ya miaka kuna mafaili kibao yanayofanana kama mapacha, na hakuna anayejua kwa nini hapa ni 1.275 na pale ni 1.325. Aliyejua alishaacha kazi.

Upande wa Linux walishaanza kusafisha. Mwaka 2008, kwenye toleo 2.6.27, uliingia mfumo wa regulata ulioletwa na Liam Girdwood na Mark Brown. Wazo lake ni rahisi: draiva ya chipu ya pawa ikae kivyake, na mipaka ya bodi ikae kivyake. Machi 2011 Linus Torvalds akalalamika hadharani kuhusu fujo ya msimbo wa ARM, ambapo kila bodi ilikuja na rundo lake. Baada ya hapo dunia ya ARM ikaingia kwa kasi kwenye kile kinaitwa mti wa vifaa. Huo mti ni faili la maelezo tu: bodi hii ina PMIC hii, iko kwa anwani hii, waya huu unalisha prosesa, volti zisishuke chini ya hapa wala zisipite pale. Hauna amri ndani. Ni maelezo, kama mchoro wa nyumba.

U-Boot nayo ikafuata, lakini kwa hatua. Mwaka 2011 Łukasz Majewski wa Samsung alileta mfumo mdogo wa PMIC ili draiva zisijirudie. Mwaka 2014 Simon Glass akaingiza mfumo mpya wa draiva kwa U-Boot yote. Kufika 2015 Przemysław Marczak, yeye pia wa Samsung, akajenga juu yake muundo ambao bado unatumika: tabaka mbili. La kwanza ni PMIC yenyewe, ambayo kazi yake ni kusoma na kuandika rejista, basi. La pili ni regulata, yaani kila njia ya umeme inayotoka kwa hiyo chipu, ikiwa na jina lake, kiwango cha chini, kiwango cha juu, na alama ya kusema iwashwe wakati wa kuwaka au isizimwe kamwe.

Ona faida yake. Msimbo wa bodi hauhitaji tena kujua namba 17 wala nenosiri. Unasema tu: njia ya prosesa, volti 1.325. Draiva inajua namba, mti unajua mipaka, na ombi likipita mpaka linakataliwa. Kama mti unasema kiwango cha chini na cha juu ni sawa, U-Boot inaweza kuweka volti hiyo yenyewe bila mtu kuandika mstari wowote wa ziada. Na chipu ikibadilishwa na nyingine mwaka ujao, unabadilisha maelezo, si bodi nzima.

Hapa ndipo hoja yangu iko. Watu wanaona huo muundo kama usafi wa wahandisi, kama kupanga viatu mlangoni. Mimi naona ni kuhamisha mali. Kabla ya hapo, ujuzi wa umeme wa bodi ulikuwa kichwani mwa mfanyakazi mmoja wa kampuni moja. Baada ya hapo ukawa faili ambalo mwanafunzi wa Eldoret ama Mombasa anaweza kufungua, kusoma, na kurekebisha bila kuomba ruhusa.

Lakini sitawadanganya kwamba stori iliisha kwa shangwe. Rudi kwa BeagleBone. Prosesa yake ikiwaka, programu iliyochomwa ndani ya chipu inatafuta kipande cha kwanza cha U-Boot, kinaitwa SPL, na kukiweka kwenye memori ndogo ya ndani. Memori kubwa ya nje bado haijawashwa. Nafasi ya hicho kipande ni kilobaiti 109, ndogo kuliko picha moja ya kawaida ya simu yako. Ndani ya hiyo nafasi lazima uweke volti, uwashe memori, na usome kadi. Mfumo mzuri wa tabaka mbili, pamoja na mti wake, unakula nafasi. Kwa hivyo ule msimbo wa zamani, wenye 17 na nenosiri, haukuondolewa siku moja. Bodi zingine ziliendelea kugusa PMIC moja kwa moja kwenye SPL, halafu zinatumia mfumo mpya baadaye, memori ikishapatikana.

Wapo wanaoona hiyo ni aibu. Mimi siioni hivyo. Msimbo mbaya ulio wazi unaweza kusomwa na kurekebishwa. Kinachonisumbua ni njia ya pili ambayo dunia ilichukua wakati huo huo.

Bodi iliyopendwa kuliko zote ni Raspberry Pi, iliyotoka 2012. Nenda maonyesho yoyote ya wanafunzi hapa Kenya na uhesabu. Naipenda, nimejifunza nayo mengi. Lakini uliza nani anagawa stima kwenye Pi za mwanzo. Kinachoamka kwanza si prosesa ya ARM ambayo unaitumia. Ni ile sehemu ya picha, VideoCore. Inapakia programu yake, ambayo msimbo wake haujatolewa kwa umma, inaweka volti na mwendo, halafu ndio inaamsha ARM. Ukitaka kubadilisha volti, unaandika ombi kwenye faili la config.txt na kungoja. Hata ukiweka U-Boot juu ya Pi, inakuja nyuma, sahani zikiwa tayari zimegawanywa. Ikitaka kitu cha pawa inatuma barua kwa VideoCore na kusubiri jibu. Tena ukipandisha volti kupita mpaka fulani na kulazimisha mwendo wa juu, kuna biti inawashwa ndani ya chipu ambayo haizimiki milele, kuonyesha kwamba ulijaribu.

Wanaotetea wana hoja, na si ya kijinga. Wanasema Pi ni ya watoto wa shule, na mtoto akiachiwa rejista za volti atachoma bodi siku ya kwanza. Wanasema pia kwamba bodi ikishindwa, lawama zinaenda kwa mtengenezaji. Na ukweli ni kwamba hiyo programu iliyofungwa inafanya kazi vizuri. Pi nyingi zinavumilia kebo mbovu, na zile za kuanzia 2014 nyingi zinakuonya kwa alama ya radi ya njano kwamba umeme umeshuka chini ya takriban volti 4.63.

Jibu langu ni ile TPS65217. Ulinzi dhidi ya mkono mzembe uliwekwa ndani ya PMIC yenyewe, kwa nenosiri la kuandika mara mbili. Ulinzi mwingine uko kwenye mipaka ya mti. Hiyo yote iko wazi na bado inazuia ajali. Kwa hivyo mtu akikuambia lazima afunge ili akulinde, muulize mbona mwingine alilinda bila kufunga.

Sasa leta hii nyumbani. Hapa kwetu kifaa hakifi mara moja. TV box inatoka sebuleni inaenda kwa binamu, simu inatoka kwa mama inaenda kwa mtoto wa shule, ruta inatoka ofisini inaenda cyber. Sisi ni watu wa mkono wa pili na wa tatu. Nimewahi kupewa TV box, sitataja ya nani, vifaa vyake viko sawa kabisa, lakini mtengenezaji aliacha kutoa programu mpya na hakuna mahali alipoandika bodi inakula volti gani wapi. Prosesa nzima, memori nzima, na haina kazi. Kilichokosekana si IC ya shilingi mia kadhaa. Ni ukurasa mmoja wa maelezo.

Kumbuka sasa ile GPL niliyosema ushike. Kifaa kikija na U-Boot ndani, anayekisambaza anatakiwa na leseni kuwapa wanaokipokea msimbo wa hiyo U-Boot. Hiyo si huruma yake, ni sharti alilokubali alipoitumia bure. Wengi hawatoi kwa sababu hakuna anayeuliza. Na hatuulizi kwa sababu tumefundishwa kwamba kompyuta inaanza pale skrini inapowaka.

Shule zetu za kodingi zinatufundisha kutengeneza app na tovuti, na hiyo ni sawa, inalipa. Lakini nchi yenye mafundi wanaoweza kubadilisha IC ya pawa kwa mkono, chini ya darubini, kwenye kibanda cha futi sita, haiwezi kusema vitu vya chini ni vigumu kwetu. Fundi tayari anajua nusu ya hii kazi. Anajua njia ipi inalisha nini na ipi ikikosekana simu haiwaki. Mwanafunzi wa kompyuta anajua nusu nyingine, kusoma msimbo. Hawa wawili hawajakaa meza moja, na hiyo ndiyo hasara yetu kubwa.

Nikipewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja, ni hicho. Somo la wiki moja tu: PMIC moja, mti wa vifaa mmoja, mita moja ya kupima volti. Soma faili linasema njia hii ni volti ngapi, weka mita, ona kama linasema kweli. Badilisha namba ndani ya mipaka, washa tena, pima tena. Mtu akifanya hivyo mara moja, hataona tena bodi kama kisanduku cha uganga.

Kama uko na BeagleBone ama Odroid imekaa kwa droo, wikendi hii fungua faili lake la mti kwenye msimbo wa U-Boot na utafute sehemu ya regulata. Hesabu njia ziko ngapi, uniandikie chini ile iliyokushangaza. Na kama wewe ni fundi na umesoma hadi hapa, nakuomba kitu kimoja, boss wangu: tuambie ni njia gani ya umeme unaikuta imekufa mara nyingi zaidi kwenye simu zinazoletwa kwako. Wenye kusoma msimbo wanahitaji kusikia hilo kutoka kwako.